KOBE WA MAJI ANA NYUMBA MBILI

Somo kwa wakulima ambao mashamba yao hushuka mpaka bondeni

Mkulima mmoja mwenye bwawa la samaki karibu na mto Gucha alifika ofisini kwetu amebeba karai lililofunikwa kwa gunia. Ndani ya karai mlikuwa na kobe mwenye gamba jeusi, ukubwa wake kama sahani, naye ananuka vibaya. Mkulima akaniuliza, "Bwana Karani, huyu nimemkuta bwawani. Majirani wananiambia atamaliza samaki wangu. Je, nimuue, au nifanyeje?"

Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nilimwomba amrudishe alikomtoa, nami nikamwahidi kwamba nitauliza. Nimeuliza, nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika katika gazeti letu kwa sababu naona swali lile si la mtu mmoja. Linawahusu wote wenye mashamba ambayo mpaka wake wa chini ni mto au kinamasi, nanyi ni wengi Kisii na Nyamira.

MNYAMA HUYU NI YUPI?

Kwanza tumtambue. Kobe wa nchi kavu ana gamba lililoinuka kama chungu kilichofudikizwa, na miguu yake ni minene kama ya ndovu mdogo. Yeye hula majani. Kasa wa baharini ana miguu iliyo kama makafi, wala haji kwetu bara. Kobe wa maji ni wa tatu. Gamba lake ni bapa, vidole vyake vina ngozi katikati kama vya bata, na kucha zake ni kali. Yeye hula nyama.

Kobe wengi wa maji wa Afrika hawarudishi kichwa ndani moja kwa moja. Hukunja shingo upande na kukilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba. Katika nchi yetu kuna aina mbili za namna hiyo ambazo yafaa mkulima azijue. Aina ya kwanza wataalamu huiita Pelomedusa. Gamba lake la tumboni ni gumu, halikunjiki. Huyu huonekana katika nchi nyingi za Afrika, hata katika madimbwi ya viboko kule Maasai Mara. Aina ya pili huitwa Pelusios. Gamba lake la tumboni lina bawaba, na sehemu ya mbele hujifunga kama mlango adui akikaribia.

Mmoja wa hawa wenye bawaba ni kobe wa Ziwa Victoria, ambaye wataalamu walimpa jina la Pelusios williamsi mwaka 1965. Anakaa ziwani, na katika mito na vinamasi vya nchi za kando ya ziwa. Sasa kumbukeni kwamba mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii, ukashuka Migori, na kuingia katika ziwa hilo hilo. Kwa hiyo maji yaliyopita shambani kwako leo ni maji ya kobe yule, hata kama wewe hujapata kumwona.

NYUMBA YA KWANZA: MAJI

Kobe huyu hapendi maji yaendayo kwa kasi. Anataka maji yaliyotulia, yenye matope chini na matete au mafunjo kando, ili apate mahali pa kujificha na mahali pa kuwinda. Hula konokono, viluwiluwi, minyoo, wadudu wa majini, vyura na mizoga. Samaki mdogo au mgonjwa akipita karibu naye atamla, lakini si mwepesi wa kumkimbiza samaki mzima mwenye nguvu.

Wakulima wa ng'ombe, liangalieni jambo la konokono. Katika vinamasi wamo konokono wadogo ambao hubeba minyoo ya ini inayodhoofisha ng'ombe. Sisemi kwamba kobe atawamaliza. Dawa ya minyoo na kunywesha mifugo maji safi bado ni lazima. Lakini kinamasi chenye kobe, ndege na vyura kina wafanyakazi wasiodai mshahara, na kinamasi kilichokufa hakina hata mmoja.

Asubuhi yenye jua kobe hupanda juu ya jiwe au gogo kuota jua. Kiangazi kikikausha dimbwi, aina ile ya kwanza hujichimbia katika matope na kukaa humo kimya mpaka mvua irudi. Mtu anayechimba matope ya kinamasi wakati wa ukame aweza kumkata kwa jembe pasipo kujua.

NYUMBA YA PILI: NCHI KAVU

Hapa ndipo wengi hukosea. Tunadhani kwamba tukiyaacha maji tumemwachia kobe nyumba yake. Sivyo. Kobe wa maji hatagi mayai majini. Mvua ikilainisha udongo, jike hutoka, hupanda ukingo na kutafuta mahali pasipofurika penye jua. Huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, na udongo ukiwa mgumu huulowesha kwa maji anayoyatoa mwilini mwake. Hutaga mayai kumi hata thelathini, huyafukia na kurudi majini. Hayaatamii. Jua ndilo linaloyalea, na baada ya miezi miwili na nusu au mitatu vitoto hujitokeza vyenyewe na kushuka majini.

Tena katika jamii hii ya kobe, joto la udongo ndilo huamua kama kitoto kitakuwa jike au dume. Basi mtu akipanda miti minene yenye kivuli kizito ukingoni kote, hakubadilisha maji tu. Amebadilisha pia joto la udongo ule ambamo mayai yalipaswa kulala.

Je, jike huenda mbali kiasi gani na maji? Huko South Carolina, Marekani, watafiti waliwafuatia kobe wa maji wa aina tatu katika kinamasi kimoja, na mwaka 1995 wakaandika waliyoyaona. Mashimo yote ya mayai, na yale ambayo kobe walilala wakati wa baridi, yalikuwa nje ya mpaka wa kinamasi uliotambuliwa na sheria. Ili kuyalinda mashimo tisa katika kila kumi, ilibidi kulinda nchi kavu ya mita 73 kutoka majini. Ili kuyalinda yote, mita 275.

Kobe wa Marekani si kobe wetu, wala nchi yao si nchi yetu. Lakini somo ni moja: mpaka wa nyumba ya kobe hauishi pale maji yanapoishia.

KWA NINI TUJALI?

Duniani kote kuna aina 350 na zaidi za kobe na kasa, na zaidi ya nusu yao wako katika hatari ya kutoweka. Hapa Kenya, katika Ziwa Turkana, kuna kobe mkubwa mwenye gamba laini ambaye ameandikwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini. Katika pwani ya ziwa hilo hilo, pande za Loiyangalani, yuko kobe mdogo wa matope ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Naye yumo katika orodha hiyo.

Visiwani Seychelles, kobe wa matope wa jamii hii hii yenye bawaba wamepungua mno, na sababu kubwa ni kwamba vinamasi vilikaushwa ili watu wajenge na kulima. Hakuna aliyetangaza vita juu ya kobe. Kila mtu alikausha kipande chake tu.

Kobe wale wawili wa kwetu hawajafika huko, na tusiseme uongo. Lakini kobe hukua polepole. Jike huchukua miaka mingi kabla ya kutaga, na mayai mengi huliwa na kenge, mbwa na wanyama wengine. Hufidia hasara hiyo kwa kuishi maisha marefu na kutaga mara nyingi. Ukimwua jike mmoja mzima, umeondoa mayai ya miaka mingi ijayo. Ndiyo sababu kobe hupungua bila mtu kujua, mpaka siku moja watoto wanauliza kobe ni mnyama gani.

TATIZO LA KINAMASI CHETU

Sikuandika haya kwa kusahau shida ya ardhi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na 605,576 katika Nyamira. Ardhi haikuongezeka. Mpango mkubwa wa makazi ulipoanza mwaka 1962, wazee walipewa mashamba ya skimu pande za Borabu. Mashamba yale yamegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wajukuu.

Tena tazameni namna tunavyogawa. Mara nyingi kamba huvutwa kutoka barabarani juu mpaka majini chini, ili kila mwana apate kipande cha mlima na kipande cha bonde. Ni haki, wala silaumu. Lakini kinamasi kilichokuwa cha mzee mmoja sasa kina wenyewe wanne au watano. Wa kwanza huchimba mfereji apande sukuma wiki na nduma. Wa pili hupanda mikaratusi, maana nguzo na kuni zina bei. Wa tatu huchimba udongo wa matofali. Wa nne aliyetaka kukiacha kinamasi chake hukuta kimekauka, kwa kuwa maji hayajui mpaka. Kisha chemchemi ambayo mama zao wote huteka maji hupungua, na ugomvi huanza.

Kobe ndiye wa kwanza kuondoka katika bonde kama hilo, lakini si wa mwisho kupata hasara.

MAMBO YA KUFANYA

Haya hayatakunyang'anya shamba. Mengi ni kubadilisha mahali au wakati wa kazi.

1. Acha ukanda kando ya maji. Kanuni za serikali zataka mita 6 kwa uchache, na mita 30 kwa wingi, kila upande wa mto, zikipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika. Usilime ndani yake. Acha nyasi zishike udongo.

2. Juu ya ukanda, weka mazao ambayo kobe aweza kupita. Malisho, majani ya nepia, chai au migomba si ukuta kwake. Ua wa waya wa kuku ulioshika chini ni ukuta. Kama ni lazima kuweka ua, acha nafasi ya kiganja kimoja chini, hapa na pale.

3. Panda mikaratusi juu, mbali na maji. Mti huu una faida, lakini si bondeni. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na katika vinamasi, kwa sababu hunywa maji mengi. Penye maji acha miti ya kienyeji ipaotayo yenyewe, na pengine pawe wazi ili jua liufikie udongo.

4. Kata matete na mafunjo kwa zamu. Gawa kinamasi katika mafungu matatu, ukate fungu moja kila msimu. Usichome moto. Moto huua aliyelala matopeni na huteketeza mahali pa kujificha.

5. Shimo la matofali liwe na mteremko upande mmoja. Shimo lenye kuta zilizosimama likijaa maji ni mtego kwa kobe, kwa ndama na hata kwa mtoto wa jirani.

6. Usioshe pampu ya dawa mtoni. Sumu inayoua wadudu wa mboga huua pia wadudu wa majini ambao kobe na samaki hula. Oshea pampu shambani, na maji yale uyamwage juu ya mazao yaliyopigwa dawa.

7. Chunga kwa kiasi. Huko Marekani kuna kobe mdogo wa vinamasi, gamba lake lapata kama sentimita 10 tu. Sheria yao ilimweka katika orodha ya walio hatarini mwaka 1997. Wengi wao wamebaki katika malisho yenye majimaji ya wafugaji wa maziwa. Ng'ombe wachache huzuia vichaka visifunike kinamasi, na jua hupata kuingia. Lakini ng'ombe wengi hukanyaga mayai na kuvuruga maji. Basi wape ng'ombe maji katika kihori, na kinamasini waingie wachache, kwa siku chache, wakati udongo haujalowa sana.

8. Ukichimbua mayai, usiyageuze. Mayai ya kobe hayana desturi ya yale ya kuku. Ukiyageuza kitoto chaweza kufa. Yafunike kwa udongo ule ule, uweke kijiti cha alama, na upalilie kando.

HABARI YA BWAWA LA SAMAKI

Mabwawa mengi ya samaki yalichimbwa Kisii chini ya mpango wa serikali wa kuinua uchumi ulioanza mwaka 2009. Mengine yanafanya kazi, mengine yamejaa majani. Kobe akisikia mvua hutembea, na akikuta bwawa tulivu lenye chakula hukaa.

Samaki wako wakipungua, usianze na kobe. Angalia kwanza ndege, fisi maji, wezi, maji yasiyo na hewa ya kutosha, na chakula kidogo. Kama una vifaranga wapya wa samaki na unamwogopa kobe, mtoe. Mshike kwa nyuma, pande zote mbili za gamba, uweke vidole mbali na kichwa, maana huuma na kukwaruza. Harufu mbaya ni silaha yake, si ugonjwa. Mpeleke katika kinamasi cha bonde lile lile, mahali pa karibu. Usimpeleke bonde la mbali, wala usimfungie nyumbani awe mchezo wa watoto.

NENO LA SHERIA

Uwindaji umekatazwa Kenya tangu mwaka 1977, na Sheria ya Wanyama wa Porini ya mwaka 2013 yakataza kumfuga au kumwuza mnyama wa porini pasipo kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kobe ni mmoja wao. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yakataza kukausha kinamasi pasipo idhini ya NEMA. Kabla ya kuchimba mfereji, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako. Swali halina malipo.

Lakini askari hawezi kukaa katika kila bonde. Mapatano ya majirani yana nguvu zaidi. Nawashauri ndugu waliogawiwa kinamasi kimoja wakutane na mzee wa mtaa, wakubaliane fungu gani la kinamasi halitaguswa na mtu yeyote, na chemchemi italindwa na nani. Yaandikwe, kila mmoja atie sahihi, na akina mama wanaoteka maji wawepo, kwa sababu wao ndio wanaojua mwaka gani maji yalianza kupungua.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kobe wa maji hutaga mayai wapi, na kwa nini hapapaswi kuwa na kivuli kizito?
(b) Pima kutoka alama ya mafuriko mpaka mstari wa kwanza wa mazao yako. Ni mita ngapi?
(c) Katika bonde lenu, ni nani wa juu yako na ni nani wa chini yako? Mlizungumza lini juu ya maji?
(d) Taja vitu viwili shambani kwako ambavyo kobe hawezi kuvipita.
(e) Waulize wazee: kinamasi hiki kilifika wapi walipokuwa watoto?

Mvua zitakapoanza, chukua watoto wako asubuhi moja mtembee polepole kutoka majini kupanda juu, mkitazama chini. Mkimwona kobe, msimguse, tazameni anakoelekea. Ndiyo njia ya nyumba yake ya pili.

Na wewe mkulima wa Gucha uliyekuja na karai, hili ndilo jibu lako, nami naomba radhi kwa kulichelewesha. Usimuue. Bwawa ulilichimba wewe, lakini bonde alikuwamo yeye kabla yetu sote, na maji anayoyahitaji ni yale yale unayoyahitaji wewe.